Kujitolea katika bustani ya hospisi baada ya kufiwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwanza, pole kwa msiba. Wengi wanaouliza maswali haya wamefiwa si zamani, na wengine wamefiwa miaka mingi iliyopita lakini jambo halijaisha moyoni. Majibu haya yanatoka kwa mtu anayepanga zamu za bustani na kuwapokea wapya, si kwa daktari wala mshauri nasaha. Kila hospisi, yaani kituo cha kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ina utaratibu wake, kwa hiyo mratibu wa kwenu akikuambia vingine, mfuate yeye.

Nimefiwa juzijuzi. Nisubiri muda gani kabla ya kujiunga?

Hospisi nyingi huweka muda wa kungoja, mara nyingi kati ya miezi sita na mwaka mmoja tangu siku ya msiba. Nyingine hushikilia muda huo kwa wanaokaa na wagonjwa vitandani, zikalegeza kidogo kwa kazi za nje. Watu huja na ari, huambiwa warudi mwakani, wakaondoka wamenuna. Ninawaelewa, lakini utaratibu huu ninautetea. Mwaka wa kwanza una siku nyingi za kuvizia: siku yake ya kuzaliwa, sikukuu ya kwanza bila yeye, tarehe aliyolazwa, tarehe aliyofariki. Ni vigumu kumtumikia mgonjwa wa watu wengine wakati kila mwezi unakuzukia na la kwako.

Ipo sababu nyingine ambayo waratibu hawaisemi waziwazi. Mfiwa wa karibuni mara nyingi hudhani anaitaka bustani, kumbe anachotaka ni kurudi mahali alipomwacha mtu wake. Si kosa kutamani hivyo. Ila kazi ya kupalilia haitampa, na akigundua hivyo katikati ya zamu ataumia mara ya pili.

Hata hivyo kalenda peke yake si kipimo kizuri. Mimi humsikiliza mtu anapozungumza. Je, anaweza kusikiliza habari ya kifo cha mtu mwingine mpaka mwisho bila kuigeuza ikawa yake? Anayeweza, hata kama ni mwezi wa nane tangu afiwe, huwa tayari kuliko aliyetimiza miaka mitatu na bado hawezi.

Wakati unangoja, uliza kama kuna kazi zilizo mbali na wodi. Kusia mbegu kwenye vibakuli nyumbani, kuandika vibao vya majina ya mimea, kunoa mikasi na majembe, kuosha vyungu: kazi hizi hazimhitaji mtu awe imara, na hakuna bustani inayokosa vyungu vichafu.

Lazima iwe hospisi ile ile alikofia mtu wangu?

Hapana, na mara nyingi nashauri isiwe ile.

Wanaorudi pale pale husema wanataka kulipa wema. Walihudumiwa vizuri, na mikono yao inatafuta namna ya kushukuru. Wengine hufaulu kabisa. Lakini mwili una kumbukumbu zake: harufu ya dawa ya kupigia deki, mlio wa mlango wa wodi, dirisha la tatu kutoka mwisho. Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii mapema. Wauguzi nao wanakumbuka. Muuguzi aliyekuwa zamu usiku ule anaweza kukukuta bombani akakusimulia, kwa nia njema kabisa, neno la mwisho alilosema marehemu. Pengine ulilingoja. Pengine hukutaka kulisikia umeshika ndoo.

Kwenye hospisi nyingine hakuna anayekujua kama mjane wa fulani au baba wa yule kijana. Wewe ni mtu wa zamu ya asubuhi anayejua kupogoa. Wengi wameniambia kwamba hicho ndicho kilichowasaidia kuliko yote: kuwa mahali ambapo msiba wao si jina lao.

Kama moyo umeng'ang'ania pale pale, nenda kwanza kama mgeni. Omba kukaa bustanini saa moja bila kufanya chochote, kisha uangalie ulivyolala usiku ule.

Kwa nini hospisi ihangaike na bustani wakati kuna wagonjwa wa kuhudumia?

Kwa sababu bustani ni sehemu ya huduma. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alikuwa ameanza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana pande nne zinazoshikana: mwili, akili, uhusiano na watu, na roho. Mofini, dawa kali ya maumivu, hutuliza upande mmoja. Kitanda kilichosukumwa nje chini ya kivuli hakiondoi maumivu ya mfupa, lakini kinamrudishia mgonjwa upepo usoni na kitu cha kuzungumza kisicho ugonjwa.

Utaona pia ukinukuliwa utafiti wa Roger Ulrich uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 1984. Alilinganisha wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao dirisha liliangalia miti, nusu liliangalia ukuta wa matofali. Walioiona miti walitoka hospitalini mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache. Ni utafiti mzuri, ila ukumbuke hao walikuwa wagonjwa wa upasuaji waliotarajiwa kupona. Hawakuwa wanaokufa, wala wafiwa. Anayekuambia umethibitisha kwamba bustani huponya huzuni amevuka mpaka.

Sijawahi kushika jembe. Ninafaa?

Unafaa. Kung'oa magugu unafundishwa ndani ya dakika kumi, na mwenye uzoefu atakuonyesha lipi ni gugu na upi ni mche kabla hujang'oa vyote viwili. Wanaosumbua zaidi ni wajuzi wanaotaka kuipanga upya bustani ya watu wiki ya kwanza.

Zamu ya kawaida ikoje?

Unasaini daftari, unanawa mikono, kisha unamwona muuguzi wa zamu. Usiruke hatua hiyo. Swali la kwanza la siku ni: leo tusikaribie dirisha lipi? Kama kuna mtu yuko katika saa zake za mwisho chumba cha pembeni, mashine ya kukatia nyasi haiwashwi upande huo, na wala hatuitani kwa sauti. Unaweza kupangiwa kupogoa waridi nje ya chumba fulani, ukafika ukaambiwa uende kwenye mboji badala yake. Huulizi sababu, kwa kuwa unaijua.

Kazi zenyewe ni za kawaida: kumwagilia, kupalilia, kukata maua yaliyonyauka, kutandaza majani makavu kuzuia unyevu usipotee, kufagia. Tofauti na bustani ya nyumbani ni kwamba hapa njia ni muhimu kuliko maua. Kitanda cha hospitali kina upana wa karibu mita moja na urefu unaozidi mita mbili, na kinatakiwa kipite na kugeuka bila kutikisika. Kokoto moja chini ya gurudumu inamfikia mgonjwa mwenye saratani iliyoingia mifupani kama pigo. Kwa hiyo tunafagia kokoto, tunarudisha mpira wa maji mahali pake, tunang'oa mizizi inayoinua matofali ya njia. Toroli haliachwi njiani hata kwa "dakika moja tu". Nikiona mtu mpya anafagia njia bila kuambiwa, najua atadumu.

Viti navyo vina siri yake. Benchi la bustani ya hospisi linatakiwa liwe na mikono na mgongo, maana mtu aliyedhoofika hushika mkono wa benchi ili ainuke. Liwe kivulini, kwa sababu baadhi ya dawa hufanya ngozi iungue upesi juani. Na yasiwe yote mahali pamoja: familia inayohitaji kulia isilazimike kulia mbele ya familia inayocheka.

Zamu nyingi ni saa mbili au tatu. Wafiwa hupenda kuomba siku nzima, mara tatu kwa wiki. Nawakatalia. Anza na zamu moja kwa wiki.

Nitakutana na wagonjwa?

Pengine ndiyo, pengine hapana. Kuna bustani za nyuma ambako unaweza kufanya kazi msimu mzima ukaonana na paka tu. Ukitaka hivyo, sema mapema, hakuna atakayekushangaa.

Ukikutana nao, jua mipaka. Humwinui mgonjwa, humsogezi kitandani, humpi chakula. Hata maji. Hili la maji huwashtua wapya, kwa sababu kumnyima mtu maji kunaonekana ukatili. Lakini wagonjwa wengi katika hatua hiyo hawamezi vizuri, na glasi iliyotolewa kwa huruma inaweza kuingia njia ya hewa. Mwite muuguzi, ukimbie kama ni lazima.

Unachoweza kumpa ni kitu cha kunusa au kushika. Jani la mnanaa lililofikichwa, tawi la mrehani, udongo wenye unyevu kwa aliyekuwa mkulima. Muulize kwanza, kwa sababu harufu iliyokuwa tamu zamani inaweza kumletea kichefuchefu sasa. Anayetaka kupanda, mpe mbegu inayoharakisha: alizeti huchomoza ndani ya wiki moja au mbili, figili huwa tayari kuvunwa kwa takriban wiki nne. Usimpe kitunguu cha ua litakalochanua baada ya nusu mwaka, isipokuwa yeye mwenyewe ameomba. Wapo wanaoomba, na wanajua wanachofanya.

Mgonjwa akiniuliza kama anakufa, nimjibu nini?

Usimdanganye, na usimthibitishie. Hujui jalada lake linasema nini na si kazi yako kulijua. Acha unachofanya, kaa usawa wa macho yake, umuulize anawaza nini. Mara nyingi swali ni mlango tu. Anataka kusema kitu kuhusu watoto, au deni, au usiku. Sikiliza. Kisha sema: "Ungependa nimwite muuguzi mzungumze?" Na umwambie muuguzi hata kama mgonjwa amekataa, kwa sababu swali hilo likiulizwa bustanini maana yake linamsumbua na ndani. Mjulishe mgonjwa kwamba utamwambia. Usifanye nyuma ya mgongo wake.

Kinachokatazwa kabisa ni "usiseme hivyo, utapona". Uliambiwa au uliyasikia maneno hayo wakati ukiuguza. Unakumbuka yalivyokuwa matupu.

Nimwambie kwamba na mimi nimefiwa?

Akiuliza, mjibu kwa sentensi moja, ya kweli, bila maelezo: "Ndiyo, mume wangu alifariki, ndiyo maana nilianza kuja hapa." Halafu rudisha mazungumzo kwake. Usipoulizwa, usianze.

Kuna mtego hapa. Ugonjwa wa mtu unaweza kufanana na wa marehemu wako hatua kwa hatua, na ulimi ukakuwasha kumwambia mkewe kinachokuja. Uzime. Kifo cha mtu wako kilikuwa chake. Huyu dalili zake zinaweza kwenda njia nyingine, na yule mke atakaa usiku kucha akingoja jambo ambalo pengine halitatokea.

Na wagonjwa wengine, ukiwaeleza, wataanza kukufariji wewe. Ni watu wema. Usiwape kazi hiyo.

Nikilia je?

Unalia, unapangusa uso, unaendelea, au unakwenda kwenye banda la zana mpaka itulie. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kulia. Kama unalia kila zamu kwa wiki kadhaa mfululizo, tutakaa tuzungumze, na pengine upumzike kidogo.

Bustani itanisaidia kupona?

Hili ndilo swali lenyewe, hata linapoulizwa kwa namna nyingine. Jibu langu litawaudhi wanaouza bustani kama dawa: bustani ya hospisi ipo kwa ajili ya wagonjwa na familia zao. Haipo kwa ajili ya kukutibu wewe. Ukiingia ukitafuta tiba, kila zamu utakuwa unajipima kama umepata nafuu, na huzuni haipendi kupimwa kila wiki. Ukiingia kwa sababu kuna kitalu kinachohitaji maji Jumanne, mara nyingi nafuu hukufuata bila kuitwa.

Nasema "mara nyingi" kwa makusudi. Watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, walipendekeza mwaka 1999 namna ya kuieleza huzuni ambayo kwangu inaendana na ninachokiona. Walisema mfiwa hayumbi kati ya kulia na kupona. Anakwenda na kurudi kati ya kazi mbili. Kuna saa za kuukabili msiba wenyewe, na kuna saa za kushughulika na maisha yaliyobaki: bili, watoto, majukumu mapya. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha mtu kuendelea. Bustani ya hospisi ina jambo la pekee kwa kuwa inachanganya vyote viwili. Umeshika mkasi, akili iko kwenye tawi. Unainua kichwa, unaona kitanda kinasukumwa. Unarudi kwenye tawi.

Watu wengi huja na hatua tano za huzuni kichwani, za kukana, hasira na zile nyingine, wakitaka kujua wako ya ngapi. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na watu waliokuwa wanakufa. Kuwapimia wafiwa kulikuja baadaye. Huna haja ya kuzipanda moja moja kama ngazi. Mwezi wa kumi na nne unaweza kuamka na hasira mpya kabisa, na haimaanishi umerudi nyuma.

Wengine bustani haiwasaidii kitu. Wanachoka, udongo unawakera, ukimya unawapa nafasi ya kuwaza mno. Hao jikoni, kwenye mapokezi au kuendesha gari kunawafaa zaidi. Si lazima kila mfiwa apende maua.

Mgonjwa niliyemzoea akifariki, nitaambiwa?

Inategemea hospisi. Baadhi huwaambia wanaojitolea mwanzoni mwa zamu, kwa faragha. Nyingine huacha ugundue kitanda kitupu, na huo kwa maoni yangu ni utaratibu mbaya. Uliza siku ya mafunzo, ili usije ukaliuliza siku ambayo jibu linauma.

Kuhudhuria mazishi si jambo la kujiamulia. Mwulize mratibu, naye atauliza familia. Wakikukaribisha, nenda kama unataka. Na majina ya wagonjwa hayatoki nje ya geti, hata kwa mwenzi wako, hata kama aliyelazwa ni jirani yenu. Utarudi nyumbani na huzuni ambayo huwezi kuieleza kwa undani. Ndiyo maana hospisi nzuri huwa na mtu wa kuzungumza naye baada ya zamu. Mtumie. Hayupo kwa ajili ya walioshindwa tu.

Ninaweza kupanda mti kwa kumbukumbu ya mtu wangu?

Uliza kwanza, na ujiandae kusikia hapana. Bustani ya hospisi ni ndogo kuliko idadi ya watu waliofia hapo. Kila familia ikipanda mti mmoja, kwa miaka michache hakuna njia, hakuna jua, na dirisha la mgonjwa linatazama giza. Ndiyo maana sehemu nyingi zina ukuta wa majina, au mti mmoja wa wote, au jani la chuma lenye jina.

Ukipata ruhusa, nakusihi usiufunge moyo wako kwenye mmea mmoja. Miti hufa. Hushambuliwa na mchwa, hupigwa na ukame, hukatwa bomba la maji linapochimbuliwa. Nimeona mtu akisimama mbele ya mche wa waridi uliokauka kana kwamba amepigiwa simu ya hospitali upya. Afadhali upande kitu kinachojizalisha kwa mbegu au kwa vipandikizi, uchukue kipandikizi nyumbani na kingine umpe ndugu. Au chagua kazi badala ya mmea. Ninamjua mtu ambaye kumbukumbu ya mama yake ni benchi moja analolipaka mafuta kila msimu, na benchi lile likioza atapaka lingine.

Kuhusu majivu, kama mtu wako alichomwa: usimwage kimyakimya usiku. Majivu hayo yana chumvi nyingi na ni makali kwa udongo. Yakimwagwa kwa wingi kwenye shina moja huunguza mizizi. Zaidi ya hapo, kuna siku bustani itachimbwa na mtu asiyejua. Zungumza na uongozi. Kama wanaruhusu, watakuonyesha mahali na namna ya kuyachanganya na udongo.

Kuna hatari za kiafya?

Chache, na zinazuilika. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni, hivyo hakikisha chanjo yako haijapitwa na wakati. Katika nchi nyingi mtu mzima hushauriwa kuirudia kila baada ya miaka kumi. Vaa glavu. Mfuko wa mboji au udongo wa kupandia ufungue nje, uso ukiwa mbali, na uunyunyizie maji kwanza vumbi lisipae: kuna bakteria aitwaye Legionella longbeachae anayeishi humo na anaweza kuleta homa ya mapafu akivutwa na hewa.

Kwa wagonjwa hatari ni kubwa zaidi. Majani yanayooza hutoa vumbi la ukungu, na mtu ambaye kinga yake imeshushwa na matibabu anaweza kuambukizwa mapafu na ukungu ule. Kwa hiyo mboji hugeuzwa wakati hakuna mtu nje, upande ambao upepo haupulizi kuelekea wodini. Ua lenye udongo wa chungu haliingizwi chumbani bila kuuliza. Ukiwa na mafua au tumbo la kuendesha, baki nyumbani. Hakuna sifa katika kuja ukiumwa.

Mimea gani haipandwi?

Oleanda, datura, na mbarika zina sumu, kwa hiyo hatuzipandi mahali ambapo watoto wa wageni wanacheza au mgonjwa aliyechanganyikiwa anaweza kuchuma jani. Dijitalisi ni ua zuri, na dawa ya moyo ya digoksini hutokana na jamii yake, lakini jani lenyewe likiliwa ni sumu. Mimea yenye utomvu mweupe kama mnyaa huunguza macho. Yungiyungi lenye harufu kali huchefua, na chavua yake haitoki kwenye shuka. Miiba isikaribie njia. Dawa za kuua wadudu, kama zinatumika kabisa, si siku za kutoa vitanda nje.

Ndugu zangu wanasema najitesa. Niwajibu nini?

Wasikilize kwanza, maana wakati mwingine wanaona usichokiona. Waulize wameona nini: hulali? umekuwa mkali? unazungumza juu ya wagonjwa tu mezani? Kama ni hayo, wana hoja.

Kama hawana zaidi ya "kwa nini urudi kwenye vifo", jua kwamba wao pia wamefiwa na kila mtu anaomboleza kivyake. Ndugu yako anaweza kuwa amefunga mlango ule kwa sababu ndiyo njia pekee anayomudu, na wewe kuufungua kila wiki kunamuumiza. Huna haja ya kumshawishi. Usimletee habari za bustani asizoziomba, wala usimwalike "aje aone tu". Wapo ndugu walionitania kwamba wanaojitolea wameacha kaburi moja wakaenda kutafuta mengine. Walicheka, na baadaye mmoja wao akaomba fomu. Mwingine hakuomba kamwe, na wako sawa wote wawili.

Nitajuaje kwamba ninahitaji msaada mkubwa zaidi ya huu?

Kama miezi imepita na bado huzuni ni nzito kila siku, karibu siku nzima, kiasi kwamba huwezi kufanya kazi, kuangalia watoto au kukubali kwamba amekufa, muone mtaalamu. Hali hiyo inatambulika rasmi kitabibu: iliingizwa katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, ambayo inataja miezi sita au zaidi. Mwongozo wa wataalamu wa akili wa Marekani uliosahihishwa mwaka huo huo unataja mwaka mmoja kwa watu wazima. Ina tiba mahususi ya mazungumzo. Ukianza kuwaza kujiua, au kutamani kumfuata aliyekufa, usingoje mwezi wowote: mwambie mtu leo, na uende kituo cha afya kilicho karibu. Mratibu wa bustani atakusindikiza ukimwomba.

Mafupi mafupi

*Nije na watoto?* Kwa kawaida hapana kwenye zamu, ndiyo kwenye siku za wazi.

*Nipige picha maua niyaweke mtandaoni?* Ua peke yake, kwa ruhusa. Dirisha likionekana nyuma, futa picha.

*Nichukue maua nyumbani?* Usichume bila kuuliza. Yaliyokatwa huwekwa kwanza vyumbani kwa wanaoyataka.

*Imani yangu inahusika?* Hapana. Huombei mtu asiyeomba kuombewa, wala humkatazi anayeomba. Mhudumu wa kiroho yupo kwa kazi hiyo.

*Mgongo wangu ni mbovu.* Kuna vitanda vya mimea vilivyoinuliwa kufikia kiuno, na kuna vyungu, mbegu na daftari la kumwagilia. Sema ukweli kwenye fomu.

*Siku ya kumbukumbu ya kifo chake nije?* Amua wiki moja kabla, si asubuhi ile. Ukija, mwambie mwenzako wa zamu ili asikuulize mbona uko kimya.

*Watanichunguza?* Ndiyo. Fomu, wadhamini wawili wanaokujua, mara nyingi hati ya polisi, mahojiano, kisha mafunzo ya usafi na usiri. Kwenye mahojiano watakuuliza juu ya msiba wako. Wanataka kusikia ukiutaja, hawahitaji uueleze wote.

*Nivae nini?* Viatu vilivyofunika vidole, kofia, nguo za kuchafuka. Usijipulizie manukato, kwa sababu ya wale wenye kichefuchefu.

*Nikitaka kuacha?* Unaacha. Hakuna mkataba wa maisha, na wengi huacha baada ya mwaka mmoja au miwili wakiwa wazima kabisa. Mwambie mratibu wiki mbili kabla, umwachie maandishi yanayosema kitalu kipi kinamwagiliwa lini, na urudishe ufunguo wa banda la zana. Funguo hizo hupotea sana.